Nabongo Mumia: Mfalme wa Wanga ambaye kivuli chake kilifika hadi Amagoro

MALORI yanayopanga foleni mjini Malaba yakisubiri kuvuka kuingia Uganda husimama kwenye mpaka ambao mwanzoni mwa mwaka 1902 haukuwapo. Wakati huo nchi yote kuanzia hapo hadi Ziwa Naivasha, mbali kule Bonde la Ufa, ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda.

Mtu aliyeishi kabla ya mpaka huo, akaushuhudia ukichorwa, kisha akaishi karibu nusu karne baada ya kuchorwa, ni Nabongo Mumia wa Wanga. Jina lake limebaki katika mji wa Mumias. Lakini habari zake haziishii huko. Zinafika Kimilili, Malakisi, Busia, na katika vijiji vya Wateso vya Amukura na Amagoro, ambako wapo waliomwona kuwa mlezi wa amani na wapo waliomwona kuwa mkono wa mkoloni.

Kuufuatilia ukoo wake na maisha yake ni kufuatilia jinsi nchi ya magharibi mwa Kenya ilivyopata sura iliyo nayo.

Ukoo uliotoka Tiriki

Simulizi za Wawanga husema kwamba mwasisi wa ukoo wao wa kifalme, aliyeitwa Wanga, alitoka upande wa Tiriki baada ya ugomvi wa kifamilia. Alikwenda kuishi katika nchi ya Matungu, si mbali na Mto Nzoia, miongoni mwa koo zilizokuwa zimetangulia kufika hapo. Baada ya muda mgeni huyo akawa mwenye nchi, na wenyeji wake wakawa raia wake.

Tangu hapo cheo cha Nabongo kilishuka kutoka kwa baba hadi kwa mwana. Aliyekirithi alitambulikana kwa bangili ya shaba ambayo haikupaswa kuvaliwa na mtu mwingine yeyote. Majina ya Netia, Osundwa, Wamukoya na Shiundu ni miongoni mwa yale ambayo wazee wa Wanga wamekuwa wakiyataja kwa mpangilio, wakihesabu kizazi hadi kizazi.

Urithi huo haukupita kwa amani daima. Katika kizazi kimojawapo ndugu waligombania kiti, na Wanga ikagawanyika. Upande mmoja ulibaki kwa kina Wamukoya, na upande mwingine, Wanga ya Juu, ukashikwa na kina Sakwa. Ufa huo ulikuwa bado haujazibika Mumia alipozaliwa, yapata mwaka 1850.

Jirani zao hawakuwa na mfalme wa namna hiyo. Wabukusu, Wakhayo, Wamarachi na wengineo waliongozwa na wazee wa koo na viongozi wa vita. Wateso nao, waliokuwa wameteremka kutoka upande wa Karamoja wakaenea Tororo na kandokando ya Mto Malaba, waliishi kwa koo zao bila mtawala mmoja juu yao.

Katika karne ya 19 Wateso walikuwa watu wa kuogopwa vitani. Waliwasukuma Wabukusu na Wakhayo, na mikuki yao ilifika hadi mipakani mwa Wanga. Shiundu, babaye Mumia, alitumia miaka mingi akijaribu kuwazuia, na akawaajiri mashujaa wa Kimaasai wa Uasin Gishu, waliokuwa wametawanywa na vita vya Wamaasai wenyewe kwa wenyewe, wampiganie.

Hiyo ndiyo nchi ambayo Mumia aliirithi: kiti kikubwa, eneo dogo, na maadui pande tatu.

Kwa Shiundu

Kabla Mzungu wa kwanza hajafika, misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka pwani ilikuwa imekwisha kuizoea njia ya Wanga. Walifuata pembe za ndovu katika nchi za kandokando ya Mlima Elgon. Makao makuu ya Nabongo, Elureko, yakawa mahali pa kupumzika, kununua chakula na kuajiri wapagazi.

Wafanyabiashara hao walipaita mahali hapo Kwa Shiundu, kwa jina la mfalme waliyemkuta. Jina hilo lilienea katika misafara hata likaandikwa katika ramani za wasafiri wa Kizungu, ambao waliliandika Kwa Sundu. Hapo ndipo lugha ya Kiswahili na dini ya Kiislamu zilipoanza kutia mizizi Wanga. Wengi wa jamaa ya kifalme baadaye wakawa Waislamu, na Mumias hadi leo ni kati ya miji ya kale ya Uislamu katika bara la Kenya.

Joseph Thomson, msafiri kutoka Scotland, alifika mwishoni mwa mwaka 1883 akielekea Ziwa Victoria. Alikuta Shiundu amekwisha kufariki na kijana wake Mumia ameketi kitini. Ushahidi huo ndio unaowawezesha wanahistoria kusema kwamba Mumia alitawazwa mwanzoni mwa miaka ya 1880, akiwa na umri wa miaka kama thelathini.

Mumia hakumfukuza mgeni wala hakumnyang'anya mali. Alimpa chakula na kumwacha apite. Ukarimu huo haukuwa wa bure. Mfalme huyo kijana alikuwa amejifunza kutoka kwa misafara ya pwani kwamba mgeni mwenye bunduki anaweza kuwa ngao, iwapo atapokewa vizuri kabla jirani hajampokea.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1885, alifika Askofu James Hannington wa Kanisa la Kianglikana, akiwa njiani kwenda Buganda. Askofu huyo aliwaacha Mumias sehemu ya watu wake, akaendelea na safari kwa njia ya Busoga. Hakurudi. Aliuawa huko mwezi Oktoba kwa amri ya Kabaka Mwanga. Mabaki yake baadaye yaliletwa Mumias yakazikwa, na mwishoni mwa mwaka 1892 yakahamishiwa Namirembe, Kampala.

Bendera yapanda Mumias

Kufikia mwisho wa miaka ya 1880, Waingereza na Wajerumani walikuwa wakishindana kuitwaa Uganda, na njia ya Uganda ilipita mlangoni kwa Mumia. Frederick Jackson, wa kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alipiga kambi hapo mwaka 1889, kisha akaenda kuwinda ndovu katika nchi za Elgon.

Akiwa huko, Mjerumani Carl Peters alifika Mumias mwanzoni mwa mwaka 1890. Akazifungua barua zilizokuwa zikimsubiri Jackson, ikiwemo ya Mwanga aliyekuwa akiomba msaada, kisha akakimbilia Buganda kumtangulia mwenzake. Mbio hizo hazikumfaa kitu. Julai mwaka huo mataifa hayo mawili yalitia saini mkataba huko Ulaya, na Uganda ikaachiwa Uingereza.

Baada ya hapo walipita Frederick Lugard, Gerald Portal na wengine wengi. Kila msafara ulihitaji unga, maharagwe, mbuzi na wapagazi, na Mumia alivitoa. Mwaka 1894 serikali ya Uganda ilifungua kituo chake Mumias, na mwaka 1895 akafika C. W. Hobley, ofisa aliyepewa kazi ya kuitiisha nchi yote iliyoitwa Kavirondo.

Matokeo ya ushirika huo yalionekana mwaka huohuo. Ugomvi ulizuka kuhusu bunduki zilizokuwa mikononi mwa Wabukusu. Kikosi kidogo cha askari wa Kisudani kilichotumwa kuzichukua kikateketezwa. Serikali ikajibu kwa jeshi kubwa la askari wa Kisudani, wapiganaji wa Buganda, Wamaasai na watu wa Wanga.

Ngome ya Lumboka ilianguka kwanza, kisha ile ya Chetambe, karibu na mji wa leo wa Webuye. Mikuki na ngao havikufua dafu mbele ya bunduki za rashasha. Watu wengi waliuawa, ng'ombe wakatekwa, na wanawake na watoto wakachukuliwa mateka. Wabukusu hawakusahau ni nani aliyesimama upande wa mshindi.

Mumia hakuwa amevianzisha vita hivyo. Lakini ndiye aliyevuna. Jirani waliomsumbua baba yake walivunjwa nguvu bila yeye kulazimika kuwashinda mwenyewe.

Kalamu yachora mpaka

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu Desemba 1901. London ikaona si vyema reli moja iwe chini ya serikali mbili. Tarehe 1 Aprili 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda, kuanzia Naivasha hadi karibu na Tororo, ulihamishiwa kwa serikali ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya.

Hivyo Nabongo Mumia alilala Uganda akaamka Kenya, bila kuhama nyumbani kwake. Kwake yeye badiliko hilo lilikuwa la ofisi: ripoti zilizokuwa zikipelekwa Entebbe sasa zilipelekwa upande wa pili.

Kwa Wateso lilikuwa jambo zito zaidi. Mpaka mpya uliwagawanya. Wengi wao walibaki Uganda, katika nchi za Tororo, Kumi na Soroti. Wachache wakajikuta upande wa mashariki wa Mto Malaba, wakiwa mkia wa wilaya ya Kavirondo Kaskazini ambayo kichwa chake kilikuwa Mumias. Mtu wa Amagoro aliyetaka kumwamkia mjomba wake ng'ambo ya mto alikuwa akivuka kutoka dola moja kuingia nyingine.

Jambo hilo lilikuwa na maana nyingine pia. Wale ambao Shiundu alishindwa kuwatawala kwa mkuki, sasa waliwekwa chini ya mwanawe kwa kalamu.

Chifu Mkuu na maajenti wake

Serikali ya kikoloni ilihitaji watu wa kukusanya kodi ya nyumba, kufungua barabara na kutoa vibarua. Katika nchi isiyokuwa na wafalme ilimtazama mfalme mmoja iliyemfahamu. Maajenti kutoka Wanga, wengi wao jamaa za Mumia, wakatumwa kusimamia makabila ya jirani. Mwaka 1909 Mumia mwenyewe akatangazwa kuwa Chifu Mkuu wa Kavirondo Kaskazini.

Murunga, nduguye wa baba mmoja, alipelekwa kutawala Wabukusu wa upande wa Kimilili na Elgon. Ndugu mwingine, Mulama, akapewa Marama. Maajenti wa Kiwanga wakafika pia miongoni mwa Wateso.

Hapo ndipo jina la Mumia lilipopata uchungu katika vijiji vya mpakani. Ajenti alikuja na lugha isiyokuwa ya wenyeji, na Kiteso hakina udugu wowote na Kiluhya. Aliamua kesi za ardhi na mahari kwa desturi zisizokuwa zao. Alidai kodi, na penye kodi palikuwa na ng'ombe wa kuchukuliwa kwa asiyelipa. Kwa jamii ambayo haikuwahi kumpigia magoti mfalme yeyote, hiyo ilikuwa fedheha juu ya mzigo.

Wengine walijibu kwa miguu. Mto Malaba si mpana, na ng'ambo walikuwapo jamaa. Familia zilizochoshwa na amri za upande mmoja zilihamia upande wa pili. Ndiyo sababu mtu wa Amagoro au Chakol anayetafuta asili ya babu yake mara nyingi humaliza safari yake Tororo, na wa Tororo humaliza yake Amukura.

Vita Kuu ya kwanza ilipozuka mwaka 1914, mzigo uliongezeka. Machifu wote waliamriwa kutoa vijana wa kubeba mizigo ya jeshi lililokuwa likipigana na Wajerumani huko Tanganyika. Vijana wa Kavirondo walikwenda kwa maelfu, na wengi walikufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Orodha za waliokwenda zilipitia mikononi mwa machifu, na lawama zikabaki hapo.

Pamoja na hayo, si haki kusema kwamba Mumia alikuwa kibaraka tu. Katika nchi yake mwenyewe aliendelea kuwa Nabongo, aliyeamua mashauri na kuwalisha wageni. Watu wake hawakupata kilichowapata Wabukusu wa Chetambe. Mtawala aliyekuwa na kundi dogo la mikuki, akizungukwa na maadui na kutazamana na dola yenye bunduki za rashasha, hakuwa na njia nyingi. Aliichagua ile iliyowahifadhi watu wake. Gharama yake ikalipwa na jirani.

Uzee wa Elureko

Dola iliyomwinua haikuchelewa kumwacha. Kufikia mwaka 1920 makao makuu ya wilaya yalikuwa yamehamishwa kutoka Mumias kwenda Kakamega. Mji uliokuwa lango la Uganda ukabaki kituo cha biashara kilicho pembeni. Mwaka 1926 Mumia, aliyekuwa na zaidi ya miaka sabini, alistaafishwa. Cheo cha Chifu Mkuu hakikupewa mtu mwingine baada yake.

Reli nayo haikupita kwake. Njia mpya ya kwenda Uganda ilipitia Eldoret, Bungoma na Malaba hadi Tororo, na mwaka 1931 ikafika Kampala. Biashara ya misafara iliyokuwa imeijenga Elureko sasa ilipita kwa gari moshi katika nchi ya Wateso, watu ambao zamani walikuwa nje ya njia kuu.

Wakati huohuo watu waliokuwa chini ya maajenti wa Wanga walianza kudai machifu wao wenyewe. Vijana waliosoma katika shule za misheni walijua kuandika barua za malalamiko, na wakaziandika. Katika miaka ya 1930 mamlaka ya Wanga nje ya Wanga yalibomoka. Mulama aliondolewa Marama mwaka 1935, na Wabukusu na Wateso wakapata machifu wa damu yao.

Mzee Mumia aliyaona hayo yote akiwa hai. Aliona pia jeraha la Chetambe likifunguka upya. Mwaka 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwaongoza maelfu ya wafuasi wake kwenda kwenye ngome hiyo kuwakumbuka waliouawa mwaka 1895. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa dini hiyo huko Malakisi, na watu 11 wakafa. Zaidi ya miaka hamsini ilikuwa imepita, na hesabu ya siku zile ilikuwa bado haijafungwa.

Nabongo Mumia alifariki dunia tarehe 24 Aprili 1949, akikaribia umri wa miaka mia moja. Alikuwa ameketi kitini zaidi ya miaka sitini. Alianza kutawala wakati wa misafara ya pembe za ndovu na kumaliza wakati ndege zilikuwa zikipita angani mwake. Shitawa alimrithi, na mwaka 1974 kiti kikapokewa na Peter Mumia wa Pili, kikiwa sasa ni cha heshima na utamaduni, si cha kutoza kodi.

Urithi wa pande mbili

Mumias yenyewe ilikuja kujulikana kwa jambo jingine. Kiwanda cha sukari kilichoanza kusaga miwa mwaka 1973 kililitangaza jina la Nabongo huyo katika kila duka la Kenya, hadi kilipofilisika na kuwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019. Huko Matungu kimejengwa kituo cha utamaduni kinachohifadhi kumbukumbu za wafalme wa Wanga.

Upande wa mpakani historia iliandikwa kwa njia nyingine. Uhuru ulipokaribia, tume ya mipaka ya mwaka 1962 ilizunguka nchi ikisikiliza watu wakieleza ni nani wangependa kukaa naye. Wilaya ya Elgon Nyanza iligawanywa mwaka 1963, zikazaliwa Bungoma na Busia, na Wateso wakawekwa Busia pamoja na Wakhayo, Wasamia na jirani wengine. Katika miaka ya 1990 walipata wilaya yao ya Teso, iliyokuwa na eneo bunge moja la Amagoro. Katika uchaguzi wa mwaka 2013 eneo hilo likawa mawili, Teso Kaskazini na Teso Kusini, ndani ya Kaunti ya Busia.

Kila mara mipaka hiyo ilipojadiliwa, hoja iliyorudi ilikuwa ileile: nani alimkuta nani, nani aliwekwa chini ya nani, na kwa amri ya nani. Majibu yake yanaanzia katika boma la Elureko.

Ndiyo maana maisha ya Mumia si mali ya Wawanga peke yao. Mkoloni alipotaka kuitawala nchi yote hakuleta watu wengi kutoka Ulaya. Alimtafuta mzee mmoja mkarimu, akamwongezea cheo, kisha akawatuma ndugu zake kwa majirani. Mzee alipochoka na jirani walipochukia, mkoloni alihamia Kakamega, akawaachia wenyeji ugomvi wao.

Katika boma za Amagoro na Amukura, wazee wanapowasimulia wajukuu habari za koo zao, ipo sehemu ya simulizi ambayo hulazimika kumtaja mtu wa Wanga. Huko Mumias, wazee wanapotaja sifa za Nabongo wao, ipo sehemu ambayo hulazimika kuwataja Wateso. Koo hizo zilipigana, zikatawaliwa pamoja, zikatengwa kwa mipaka, na leo watoto wao huuziana ng'ombe na mahindi katika masoko yaleyale ya Busia na Malaba. Atakayeisimulia habari ya upande mmoja pekee atakuwa amesimulia nusu ya maisha ya Nabongo Mumia.